Unene wa Konea Hautuambii Hali ya Retina

Hotuba kwa walimu, wazazi na wahudumu wa afya, Tabora, Siku ya Kuona Duniani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wakuu, wazazi wenzangu, wauguzi na waganga mliotoka Urambo, Sikonge, Uyui na Nzega, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma: mwangaluka. Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie miwani. Miwani itakuwemo, lakini kuna jambo linaniuma zaidi nami nimeona nisiondoke hapa bila kulisema. Kijana asiyeona mbali anafika kliniki. Tunapima konea, ni nzima. Tunapima presha ya jicho, iko sawa. Tunampa miwani, anasoma herufi mpaka mstari wa chini, anafurahi, mzazi anafurahi, tunafunga faili. Nyuma ya jicho hakuna aliyetazama. Na kwa kijana huyu, hatari yote iko huko nyuma.

Niwaeleze jicho lenyewe kwanza. Jicho la mtu mzima lisilo na tatizo lina urefu wa milimita 23 hadi 24 kutoka mbele mpaka nyuma. Mbele kabisa kuna konea, kile kioo kinachong'aa ambacho unakiona vizuri ukimtazama mtu kwa ubavuni. Katikati, konea ina unene wa kama maikroni 540, yaani nusu milimita na kidogo, na ukielekea kingoni inazidi kuwa nene. Nyuma kabisa kuna retina, utando unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Utando huo ni mwembamba kuliko konea. Pale katikati ya makula, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura ya mtu, unakaribia maikroni 200 tu.

Kutoona mbali, ambako sisi hospitalini tunakuita mayopia, mara nyingi ni habari ya urefu. Jicho limerefuka kupita kiasi, picha inaangukia mbele ya retina, ubao unakuwa ukungu. Kila milimita inayozidi inamgharimu mtoto kati ya dayopta 2.5 na 3, yaani zile namba za nguvu ya miwani. Kwa hiyo ukikuta kijana amevaa miwani ya minus 8, hesabu mwenyewe: jicho lake limezidi kwa karibu milimita tatu. Mtu anaweza kusema milimita tatu ni kitu gani. Kwenye jicho ni nyingi mno, kwa sababu ngozi ya ndani haiongezeki ili ifidie. Inavutwa.

Swali ni hili: inavutwa wapi? Mtoto anazaliwa na jicho la milimita kama 17. Linakua haraka miaka ya mwanzo, na konea ndiyo inayotangulia kumaliza. Kabla mtoto hajashika daftari la darasa la kwanza, upana na unene wa konea yake vimeshakaribia vya baba yake. Mayopia tunayoiona mashuleni kwa kawaida inaanza baada ya hapo. Wakati jicho linarefuka, konea imeshamaliza kazi yake ya kukua, na kinachopanuka ni upande wa nyuma. Ile ngozi nyeupe ngumu, sklera, inapungua unene huko nyuma. Koroidi, tabaka lililojaa mishipa ya damu inayolisha retina, ambalo kwa kawaida lina maikroni 250 hadi 300, kwa mwenye mayopia kali linaweza kushuka hata chini ya 100. Retina yenyewe inafuata.

Mafundi baiskeli wa hapa Tabora wanalijua jambo hili. Tairi likilika upande mmoja, tyubu inatoa uvimbe pale pale, na mpira wa kwenye uvimbe unakuwa mwembamba. Ukienda kupima mpira wa pale kwenye valvu, utaukuta uko vilevile ulivyotoka dukani.

Watafiti wameliuliza swali hili Asia, Ulaya na Marekani: je, konea nyembamba ni dalili kwamba jicho limerefuka na retina imechoka? Majibu hayakuelekea upande mmoja. Baadhi walikuta konea nyembamba kidogo kwa wenye mayopia kali, wengi hawakuona uhusiano wa maana, na wapo walioikuta nene kidogo. Hata pale tofauti ilipopatikana, ilikuwa ya maikroni chache, wakati watu wawili wenye macho mazima, waliokaa benchi moja, wanaweza kupishana maikroni 60 na wasijue. Kinachobadilika zaidi mbele, kwa mayopia kali, ni tabia ya konea: namna inavyobonyea na kurudi ikiguswa. Unene wake unabaki kuwa habari ya mtu na kizazi chake. Retina ni kinyume chake. Ukipima urefu wa jicho, kisha ukapima retina na koroidi, unaona kabisa kwamba vinakwenda pamoja.

Naomba waganga mnisikilize hapa kwa makini, maana ndipo watu wazuri tunapodanganyika. Retina ya mwenye mayopia haipungui unene sawasawa. Pale katikati ya makula mara nyingi unene unabaki kama kawaida, na pengine unazidi kidogo. Upungufu unaanzia pembeni ya hapo na unakuwa mkubwa zaidi kadiri unavyokwenda kingoni. Maana yake ni nini? Kijana anaweza kuvaa miwani yake ya minus 8 na kusoma 6 kwa 6, mstari wote, bila kukosa herufi, huku kingo za retina yake zimekonda kiasi cha kutoboka. Kusoma vizuri ubao wa herufi kunapima kile kitovu tu. Kingo hazina sauti.

Alikuja msichana wa kidato cha tatu, ameletwa na shangazi yake kwa ajili ya miwani tu, ile ya zamani imevunjika mkono. Kwingine walikokwenda waliambiwa macho ni mazima, abadilishe fremu. Miwani yake ilikuwa minus 8 jicho la kulia, minus 7 na nusu la kushoto. Konea maikroni 560. Presha 15. Mbele palikuwa pazuri kuliko pa watu wengi waliokaa kwenye foleni ile. Tukamwekea matone ya kutanua mboni, akakaa kwenye benchi la korido mpaka mboni zikafunguka, shangazi akilalamika kwamba watakosa gari la kurudi. Nikavaa taa ya kichwani, nikamlaza, nikamwambia atazame chini upande wa sikio la kulia. Pale ukingoni kulikuwa na ukanda mwembamba wenye mistari meupe iliyopishana kama wavu, na ndani ya ukanda ule, katundu kekundu, kadogo, ka mviringo. Tukamwandikia rufaa, akapigwa leza kuzunguka lile tundu ili retina ishikamane na ukuta wake. Leo anasoma. Namba zake za konea na za presha hazikuwa zimetunong'oneza chochote kuhusu tundu lile, wala zisingeweza.

Wazazi na wanafunzi, shikeni dalili hizi. Mtu mwenye miwani ya minus nyingi akianza ghafla kuona vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au mimuliko kama ya radi pembeni ya jicho hasa gizani, au kivuli kama pazia kinachoingia kutoka upande mmoja, asisubiri siku ya kliniki wala asinunue matone dukani. Siku hiyo hiyo aanze safari ya kumfuata daktari wa macho. Retina ikibanduka hadi katikati, hata ikirudishwa kwa upasuaji, kuona hakurudi kama kulivyokuwa. Tena haiumi. Kwa kuwa haiumi, watu wanaisubiri.

Sasa mtaniuliza: kama konea haina habari za retina, kwa nini tunaipima? Tunaipima kwa sababu ya presha ya macho na glakoma, ule ugonjwa unaokula mshipa wa fahamu wa jicho, na hapa sisi Waafrika tunahusika kuliko wengi.

Kipimo cha presha ambacho dunia nzima inakitumia kama rula kilibuniwa miaka ya 1950 na Daktari Hans Goldmann wa Bern, Uswisi. Kinabonyeza konea mpaka sehemu yenye kipenyo cha milimita 3.06 iwe bapa, kisha kinasoma nguvu iliyotumika. Goldmann alikipanga kwa konea ya maikroni 520 hivi. Konea ikiwa nyembamba kuliko hapo inabonyea kirahisi, na kipimo kinaandika presha ndogo kuliko ilivyo. Ikiwa nene, kinaandika kubwa. Mwaka 2002 Marekani ulitoka utafiti mkubwa uliofuatilia zaidi ya watu 1,600 wenye presha ya macho iliyopanda ambao walikuwa bado hawajapata glakoma. Wale wenye konea ya maikroni 555 au chini ya hapo walikuwa na hatari ya kupata glakoma mara tatu ya wale wa zaidi ya 588. Na katika watu hao, wenye asili ya Afrika ndio waliokuwa na konea nyembamba zaidi kwa wastani.

Hapa nyumbani, uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta zaidi ya watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana glakoma. Hao ni majirani zetu. Kutoka hapa unapita Singida tu.

Mayopia nayo inaongeza hatari ya glakoma, mara mbili hadi tatu. Waganga, viunganisheni vitu hivi kwenye faili la mgonjwa mmoja. Ana konea nyembamba, kwa hiyo presha yake inasomeka 16 wakati ukweli uko juu zaidi. Ana jicho refu, kwa hiyo kichwa cha mshipa wa fahamu kimelala upande, kingo zake zina weupe, ni vigumu kusema kama kimeliwa na glakoma au ndivyo alivyoumbika. Konea haikusababisha mabadiliko ya retina, wala retina haikuikondesha konea. Ila zimekutana kwa mtu mmoja, moja inaficha presha, nyingine inaficha madhara ya presha. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa ya kupima vyote viwili, na kuviandika kila kimoja mahali pake.

Tena msitafute majedwali ya kujumlisha na kutoa, kwamba konea ikiwa 480 basi uongeze presha tano. Kwa mgonjwa mmoja mmoja hayaaminiki. Andika: konea nyembamba, ya kati au nene. Kisha utazame mshipa wa fahamu, umpime upeo wa kuona, umrudishe baada ya miezi, ulinganishe.

Kuna ile mashine ya OCT, ambayo watafiti wa Marekani waliitangaza mwaka 1991. Inatumia mwanga kukata picha ya retina tabaka kwa tabaka bila kugusa jicho. Wagonjwa waliopimwa nayo Mwanza au Dar es Salaam wanakuja na karatasi yenye rangi: kijani ni sawa, njano ni tahadhari, nyekundu ni pungufu. Nimewaona watu wazima wakilia kwa sababu ya karatasi nyekundu. Mwenye mayopia kali akipewa nyekundu, asianze kuandika wosia. Mashine inalinganisha jicho lake na macho ya watu wengine, na macho hayo ya kulinganishia kwa sehemu kubwa ni ya urefu wa kawaida. Inachora duara la kipenyo cha karibu milimita 3.4 kuzunguka mshipa wa fahamu na kupima unene wa nyuzi zinazopita hapo. Kwenye jicho refu, duara lile linapanuka na kuangukia mbali zaidi na mshipa, mahali ambapo nyuzi kwa asili ni nyembamba. Juu ya hayo, mafungu ya nyuzi ya juu na ya chini yamesogea kuelekea makula, kwa hiyo mashine inayatafuta mahali ilikozoea, isiyapate, ipake nyekundu.

Lakini msigeuze hilo kuwa kisingizio. Wapo wenye mayopia ambao nyekundu yao ni ya kweli. Tofauti inaonekana kwa kurudia kipimo na kulinganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kwa hiyo, mgonjwa, tunza karatasi yako. Ifunike nailoni, iweke na vyeti vyako vya shule.

Vijana wananiuliza sana kuhusu leza ya kuondoa miwani. Leza hiyo inachonga konea. Katika upasuaji wenye eneo la milimita 6, kila dayopta inakula maikroni kama 12. Mwenye minus 8 atachongwa karibu 96. Kabla ya hapo amefunuliwa kifuniko cha konea cha maikroni kama 110. Aliyeanza na 540 atabaki na zaidi ya 330 chini ya kifuniko. Aliyeanza na 480 atabaki na 270 na kidogo, na kikomo ambacho madaktari wanakiheshimu ni 250, wengi wanataka 300. Ndiyo maana rafiki yako anakubaliwa, wewe unakataliwa, na miwani yenu ni namba ile ile. Daktari anayekukataa hapo anakupenda.

Na hata ukikubaliwa, elewa ulichonunua. Umenunua kutovaa miwani. Jicho lako bado lina milimita 27, retina yako bado imevutwa vilevile, kingo zako bado zinahitaji kutazamwa. Presha yako nayo kuanzia siku hiyo itasomeka chini maisha yako yote, kwa sababu konea imepunguzwa. Kila daktari utakayekutana naye, mwambie, maana kwa macho haonekani mtu aliyechongwa konea.

Ipo hali moja ambayo konea nyembamba na kutoona mbali ni kitu kimoja, nayo ni keratokonasi. Konea inakonda na kuchongoka kama koni, na hiyo koni ndiyo inayoleta ukungu. Urefu wa jicho unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Hapa kwetu nawahofia watoto wenye mzio wa macho, wale ambao macho yao yanawasha mwaka mzima na wanayasugua kwa ngumi mpaka weupe unakuwa wa kahawia. Walimu, mtoto anayesugua macho darasani kutwa, mtumeni hospitali atibiwe mzio. Mzazi, ukiona miwani ya mtoto wako inabadilishwa namba kila mara na bado haoni sawasawa, uliza kuhusu umbo la konea.

Kuzuia je? Nitasema kwa kifupi kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Watoto watoke nje. Guangzhou, China, walichukua shule wakaongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata mayopia walikuwa kama 30 katika 100, na kwenye shule zilizobaki na ratiba ya zamani karibu 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hata chini ya kivuli cha miembe yetu, mwanga ni mwingi mara nyingi kupita ule wa darasani. Walimu wakuu, msiwafungie watoto ndani wakati wa mapumziko kwa ajili ya masomo ya ziada. Jicho likisharefuka, hakuna dawa wala miwani ya kulirudisha.

Na tusijidanganye kwamba mayopia ni ya Wachina. Wanafunzi wa sekondari wa Mwanza walipopimwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kama 5 au 6 katika 100 wanayo, na wengi waliohitaji miwani hawakuwa nayo. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 ajiulize ni wangapi kwake. Ni yule anayenakili kutoka kwa jirani. Ni yule anayekunja uso kila ukiandika ubaoni, ukamchapa kwa kudhani anakukejeli.

Waganga wa wilaya, ombi langu kwenu ni dogo na lina gharama ndogo. Mwenye miwani ya minus 6 na kuendelea asitoke kwenye kituo chenu bila rufaa ya kutanuliwa mboni, hata kama konea yake ni nzuri na presha yake ni 12. Na pale hospitali inapofanya upasuaji wa mtoto wa jicho, kuna mashine ya kupima urefu wa jicho kabla ya kuchagua lenzi. Itumieni na kwa vijana hawa. Jicho likivuka milimita 26, mrudisheni kila mwaka.

Upimaji unaanza baada ya hapa. Ubao wa herufi uko kwenye darasa la kwanza kushoto. Wenye miwani ya minus, anzieni hapo, njooni na miwani yenu, msiivue kwa aibu. Watakaopewa matone wajue kwamba kwa saa nne hadi sita hawataweza kusoma vizuri na jua litawaumiza, kwa hiyo vaeni kofia, msiendeshe pikipiki, na kila mmoja awe na mtu wa kumfikisha nyumbani. Wanafunzi wa bweni, matroni atabaki nanyi mpaka wa mwisho.